Mume wangu aliacha pombe ghafla akaanguka: je, nimsagie dawa kwenye chakula?

SWALI

Washauri, shikamooni.

Mume wangu ana miaka 44 na huu ni mwaka wa tisa anakunywa kila siku. Siku ya kawaida anamaliza nusu ya chupa ya pombe kali (chupa ni ya mililita 750, imeandikwa asilimia 40) na bia mbili za nusu lita. Asubuhi mikono inamtetemeka hadi anashindwa kufunga vifungo vya shati. Akishazimua, anatulia.

Mwezi uliopita aliapa mbele ya watoto kwamba ameacha. Usiku wa kwanza hakulala, jasho lilimtoka mpaka shuka zikalowa. Siku ya pili mchana alianguka, akakakamaa, macho yakageuka, akatikisika kama dakika mbili. Mama mkwe alimwekea kijiko katikati ya meno, shemeji akammiminia pombe kidogo mdomoni. Hajawahi kuwa na kifafa. Alipopata nafuu alirudia kunywa, na sasa anasema pombe ndiyo inayomfanya aishi.

Ndugu wamegawanyika. Shemeji anataka tumfungie chumbani wiki nzima mpaka sumu itoke. Rafiki yangu ameniletea vidonge vya disulfiramu, akaniambia nivisage nichanganye kwenye chakula bila mwenyewe kujua, eti akinywa atatapika na kuichukia pombe. Vidonge ninavyo, sijavigusa. Mama mkwe anasema hana msimamo tu, ni kama baba yake, ambaye alikufa kwa ugonjwa wa ini. Nina watoto wawili wa kiume, na hilo linaninyima usingizi. Nimesikia pia kuna sindano ya kupunguza uzito inayoondoa hamu ya pombe. Ni kweli?

Nianzie wapi?

Mke mwenye hofu


JIBU

Marahaba, dada.

Tuanze na yasiyosubiri. Vidonge ulivyoletewa usivitumie. Shemeji asimfungie mtu chumbani. Na mumeo asiikatize pombe kwa ghafla tena akiwa nyumbani, hata akiapa kwa machozi. Tunajua ni ajabu kusoma neno kama hilo hapa, kwa hiyo tutalieleza kwa urefu. Ukishalielewa hili, maswali yako mengine yatajijibu nusu.

Kilichomwangusha siku ya pili ni degedege la kukatiza pombe. Si mkono wa mtu, na kwa jinsi ulivyoeleza hakuna dalili kwamba ameanza kuugua kifafa, ingawa daktari atataka kuhakikisha kwamba hakuna sababu nyingine, kama vile jeraha la kichwa au sukari kushuka.

Ndani ya ubongo kuna pande mbili zinazovutana kamba usiku na mchana. Upande mmoja ni wa kutuliza, na kemikali yake kuu inaitwa GABA. Upande wa pili ni wa kuamsha, nao hutumia glutamati. Pombe huusaidia ule wa kutuliza na papo hapo huudhoofisha ule wa kuamsha. Ndiyo maana mnywaji hulegea, ulimi ukawa mzito na woga ukamtoka. Jambo hilo likirudiwa kila siku kwa miaka, ubongo haukai tu ukitazama. Hupunguza usikivu wa vipokezi vya GABA (vipokezi ni kama milango ya seli inayopokea kemikali hizo) na huongeza vipokezi vya glutamati, hasa vile vya aina ya NMDA, ili kamba irudi katikati hata pombe ikiwepo. Hapo ndipo mtu anapoweza kunywa kiasi ambacho kingemlaza mwingine, na yeye bado anatembea wima. Wengi huona hiyo ni nguvu. Ni dalili ya ubongo uliojipanga upya.

Sasa pombe inaondoka kwa siku moja. Msaidizi ameachia kamba, lakini vipokezi haviwezi kurudi vilivyokuwa kwa siku moja. Upande wa kuamsha unavuta peke yake: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho linatiririka, shinikizo la damu linapanda, na kwa baadhi ya watu ubongo hushindwa kujizuia kabisa, ndipo mtu huanguka na kutikisika.

Mambo haya yana saa zake. Kutetemeka, kichefuchefu, jasho na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na ndiyo sababu mumeo huamka navyo: usiku mzima amekaa bila kunywa. Degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Baadhi ya watu husikia au kuona visivyokuwepo siku hiyo ya kwanza huku akili yao ikiwa timamu. Kisha kuna kuweweseka kwa kukatiza pombe, ambako madaktari huita deliriamu tremensi, na huanza kwa kawaida kati ya saa 48 na 96. Mgonjwa hajui yuko wapi wala ni siku gani, anang'oa wadudu wasiokuwepo kwenye ngozi yake, ana homa, mapigo ya moyo yako juu. Hali hii huua, na huua zaidi pale ndugu wanapodhani ni pepo wakamfungia ndani. Mpango wa shemeji ungemweka mumeo nyuma ya mlango uliofungwa katika siku zilezile anazohitaji kutazamwa kila saa. Mwambieni hivyo bila kumshambulia. Bila shaka nia yake ilikuwa njema.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu degedege hilo. Kila mtu anapokatiza ghafla, akarudia kunywa, kisha akakatiza tena, ubongo huzidi kuwa mwepesi wa kulipuka. Aliyeanguka mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi mara ya pili. Kwa mumeo, basi, kuacha ni jambo la kufanyika hospitalini akiwa amelazwa. Mwenye unywaji mdogo, asiye na historia ya degedege, anaweza kuacha akiwa nyumbani, mtu mzima mmoja akiwa naye na mhudumu wa afya akimwona kila siku. Mumeo si huyo.

Akianguka tena kabla hamjafika hospitali: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu na kichwa, legezeni shingo ya nguo, na mtazame saa. Kinywani kusiingie kitu. Kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa, na pombe aliyomiminiwa ingeweza kuingia kwenye mapafu. Degedege likipita dakika 5, au likimrudia kabla hajazinduka vizuri, ni dharura ya kukimbizwa wakati huohuo.

Kuhusu vidonge. Pombe ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huigeuza asetaldehidi kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu hukizuia kimeng'enya hicho cha pili. Mtu akinywa, sumu hujaa: ndani ya dakika 10 hadi 30 uso unawaka, kichwa kinagonga, anatapika, kifua kinabana, shinikizo la damu linaporomoka. Kwa anayekunywa kiasi cha mumeo, hayo yanaweza kufika hadi mshtuko wa moyo na kifo. Dawa hii haianzwi mpaka zipite angalau saa 12 bila tone la pombe, na mumeo kwa sasa hana saa 12 za namna hiyo. Athari yake inaweza kubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Asiyejua kwamba ameimeza hawezi kujilinda: atakunywa kama kawaida, na akiona anazidiwa hatajua amwambie daktari nini. Hata dawa ya kikohozi au ya kusukutulia kinywa yenye kilevi yaweza kumdhuru. Watu wenye ugonjwa wa moyo au wa ini, na waliowahi kupata degedege, wanahitaji uangalifu wa pekee kabla hata ya kufikiriwa.

Isitoshe, kwa siri haifanyi kazi. Nguvu ya disulfiramu iko katika kujua: mtu huimeza asubuhi akijua kwamba ameshajifungia mlango wa leo, na matokeo yake huwa mazuri zaidi pale anapoimeza mbele ya mtu wanayeaminiana. Ukiificha unabaki na sumu bila uamuzi. Na siku atakapogundua, hatakula tena chakula kutoka mkononi mwako. Kampe mfamasia vidonge hivyo avitupe inavyotakiwa.

Sasa hatua zenyewe. Anza kwa kupima, maana daktari atauliza na jibu la "anakunywa sana" halimsaidii. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79; utapata gramu za kilevi halisi. Nusu chupa ni mililita 375, za asilimia 40: ni mililita 150 za kilevi, yaani kama gramu 118. Bia mbili, lita moja kwa jumla, zikiwa za asilimia 5, ni kama gramu 39. Jumla ni karibu gramu 158 kwa siku. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha pombe kuwa gramu 10, kwa hiyo anakunywa karibu vipimo 16 kila siku. Iandike namba hiyo kwenye karatasi. Chini yake andika tarehe ya degedege na saa ngapi zilikuwa zimepita tangu anywe, dawa zote anazotumia zikiwemo za maumivu na za usingizi, na magonjwa mengine aliyo nayo. Siku ya kwenda, ongeza saa ya kinywaji cha mwisho.

Mpaka siku hiyo ifike, aendelee na kiasi alichozoea, asizidishe, wala asipitishe nusu siku bila chochote kwa kujikaza. Ale, hata kidogo kidogo, na anywe maji. Asiendeshe chombo chochote wala asipande juu ya ngazi. Hii si ruhusa ya kunywa. Ni kumzuia asife njiani. Nawe usimpe vidonge vya usingizi au vya kutuliza ulivyoazima kwa jirani: vikichanganyika na pombe, pumzi huweza kukoma usingizini.

Utamshawishi vipi? Namna ya kuzungumza imechunguzwa. Mwaka 1999, William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 130 waliokuwa na ndugu mlevi aliyekataa tiba. Waliofundishwa njia iitwayo CRAFT, ya kutia moyo na kupanga mazingira, walifanikiwa kumwingiza ndugu yao kwenye tiba kwa asilimia 64. Walioandaliwa kumkabili mlevi kwa kikao cha ukoo walifanikiwa kwa asilimia 30, na waliofundishwa kumwacha na kujiangalia wenyewe, asilimia 13. Tunazitaja namba hizi kwa sababu kikao cha ukoo ndicho kinachokuja akilini mwa wengi kwanza.

Kwa vitendo ni hivi. Chagua wakati ambapo hajalewa na pia hatetemeki. Kwa mumeo huo ni muda mfupi asubuhi, nusu saa au saa moja baada ya kuzimua. Kabla ya hapo mwili wake hausikii neno, baadaye akili haisikii. Sema kwa ufupi, ukianza na "mimi": "Mimi nilipokuona umeanguka niliogopa. Nimeambiwa ilikuwa hatari ya kukatiza ghafla, na kuna dawa za kuizuia. Twende wote tumwone daktari." Usitaje aibu, usimtaje baba yake, usimkumbushe kiapo. Uwe umeshapanga pa kwenda na siku ya kwenda, maana utayari wa namna hii hudumu saa chache; ukisema "tutatafuta", umepita. Akikataa, nyamaza, rudi siku nyingine. Akiwa hajalewa kaa naye, fanyeni linalompendeza. Akilewa ondoka kwa utulivu bila ugomvi. Usimfichie matokeo: usipige simu kazini kusema anaumwa tumbo. Ila akikupiga au kukutishia, yote haya yanasimama. Wewe na watoto ondokeni mwende mahali salama kwanza.

Sentensi yake kwamba pombe ndiyo inayomfanya aishi isikukere. Kwa mwili wake inasema kweli. Mtafiti George Koob ameeleza kwa miaka mingi jinsi uraibu unavyogeuka: mwanzoni mtu hunywa kutafuta raha, kwa sababu pombe hufyatua endorfini na dopamini, kemikali za raha za ubongo, baadaye mfumo wa raha huchoka na mfumo wa msongo, wenye kemikali kama CRF na dinofini, huamka. Kuanzia hapo mtu hunywa ili asiumie. Raha yenyewe ilishakwisha zamani. Anzia hapo unapozungumza naye: "Najua ukikosa unateseka. Kuna namna ya kuacha bila kuteseka hivyo."

Hospitalini watampima. Wengi hutumia kipimo cha CIWA-Ar chenye vipengele 10 na alama za juu 67: mgonjwa anyooshe mikono mbele, apanue vidole, watazame mtetemo, wakague jasho kwenye viganja na paji la uso, waulize kichefuchefu, wasiwasi, maumivu ya kichwa, anachosikia, anachoona, na kama anajua tarehe. Dawa ni za kundi la benzodiazepini, kwa mfano diazepamu, ambazo hushika upande wa GABA wa ile kamba kisha huuachia polepole, dozi ikipungua kwa siku 3 hadi 7. Ini likiwa limechoka, daktari huweza kuchagua lorazepamu, ambayo ini huisafisha kwa urahisi zaidi. Mwambie basi kwamba baba mkwe alikufa kwa ugonjwa wa ini, na uombe la mumeo lichunguzwe.

Jambo moja uliulize kwa mdomo wako: thiamini, yaani vitamini B1. Mlevi wa miaka mingi huwa na upungufu wake, kwa sababu hali vizuri na utumbo hauifyonzi. Upungufu huo huweza kuharibu ubongo ghafla, hali aliyoieleza Carl Wernicke mwaka 1881: kuchanganyikiwa, kuyumba hata bila pombe, macho kucheza au kushindwa kusogea. Ndugu husema "bado kalewa", nafasi ya kumwokoa inapita, na kinachobaki ni kumbukumbu isiyorudi. Huzuiwa kwa thiamini, na kwa mtu kama mumeo sindano hufaa kuliko kidonge. Hutolewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwani sukari ikitangulia peke yake humaliza akiba ndogo iliyobaki.

Akitoka hospitalini baada ya wiki, atakuwa hatetemeki, amenawiri, familia nzima imefurahi. Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika: watu wanadhani amepona. Alichomaliza ni kuvuka siku za hatari. Usingizi utasumbua kwa wiki hata miezi, furaha itakuwa hafifu, na hamu itamrukia anapopita sehemu au kuonana na watu wa zamani. Wengi hurudia katika miezi mitatu ya kwanza. Dawa za kuzuia kurudia zianze kabla hajatoka wodini, na ni jukumu lako kuuliza, maana mara nyingi mgonjwa huruhusiwa bila dawa yoyote.

Dawa mbili ndizo zenye ushahidi mzito, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Naltreksoni huziba vipokezi ambavyo endorfini hutua, hivyo pombe inakosa utamu wake. Kawaida ni miligramu 50 kwa siku, wengine huanzishwa 25 baada ya chakula ili kichefuchefu kisiwatishe. Kuna pia sindano ya miligramu 380 ya mara moja kwa mwezi. Haimfanyi mtu augue akinywa, kwa hiyo akiteleza hana haja ya kuiacha. Haichanganywi kamwe na dawa za maumivu za jamii ya morfini, tramadoli na kodeini. Awe amekaa siku 7 hadi 10 bila hizo, ama sivyo atapata arosto kali ya ghafla. Dawa ya kikohozi yenye kodeini imo humo. Ini likiwa limeharibika sana haifai.

Akamprosati hufanya kazi upande wa glutamati, ikipunguza ile hali ya kukosa utulivu baada ya kuacha. Haipiti kwenye ini, jambo zuri kwa wengi, bali hutoka kwa figo, kwa hiyo figo hupimwa kwanza. Ugumu wake ni idadi: vidonge viwili vya miligramu 333, mara tatu kwa siku. Dozi ya mchana ndiyo husahaulika, basi mwekeeni saa ya simu. Kuharisha siku za mwanzo ni kwa kawaida na hupungua.

Zinasaidia kiasi gani? Uchambuzi wa majaribio 118 uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba wakitibiwa watu 11 kwa akamprosati, mmoja zaidi anaepuka kurudia kunywa kabisa. Kwa naltreksoni ya kidonge inahitajika watu 18 kwa lengo hilo, na 11 ili mmoja zaidi aepuke kurudia unywaji mzito. Si muujiza, lakini ni msaada wa kweli, hasa ukiongezewa ushauri nasaha na kikundi. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2020 yaliona kwamba kumwingiza mtu kwa mpangilio katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo waraibu wa pombe husaidiana kuacha, huongeza idadi ya wanaokaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zinazojulikana. Sisi tunaona dawa na kikundi havishindani. Mumeo anastahili vyote viwili. Zikishindikana hizo, kuna baklofeni, ambayo hutumika hata kwa wenye ini lililokakamaa, na disulfiramu yenyewe, safari hii kwa hiari yake, mbele yako, daktari akijua.

Sindano ya kupunguza uzito uliyoisikia ni semaglutidi. Habari si uongo, ila imekimbia kuliko ushahidi. Jaribio lililochapishwa Februari 2025 liliwapa dozi ndogo au sindano ya bandia watu wazima 48 kwa wiki 9. Waliopata dawa walipungukiwa na hamu na walikunywa pungufu kuliko wenzao kwenye kipimo cha maabara. Watu hao hawakuwa wakitafuta tiba ya pombe na hawakuwa na hali ya mumeo. Haikidhi haja ya kuzuia degedege hata kidogo. Tunaifuatilia kwa matumaini, lakini pesa yako ya sasa iende kwenye thiamini na naltreksoni.

Mama mkwe anasema ni ukosefu wa msimamo. Mwambie, kwa heshima, kwamba tafiti za mapacha na za watoto walioasiliwa zinaonyesha kama nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi. Kuna watu wengi wa Asia Mashariki waliozaliwa na jeni ya ALDH2 yenye kasoro, wakinywa uso unawaka na moyo unadunda, kama vile wamemeza disulfiramu. Hao ni nadra zaidi kuwa waraibu. Hawakuzaliwa na msimamo kuliko wengine. Walizaliwa na kimeng'enya tofauti.

Na wanao? Urithi huo ni wa hatari, si wa hukumu. Hakuna jeni moja ya ulevi, ni nyingi, kila moja na mchango mdogo. Lililo mikononi mwako ni umri. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1997 uliona kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa takriban mara nne wa kuja kuwa tegemezi, wakilinganishwa na waliochelewa hadi miaka 20 au zaidi. Pombe isikae nyumbani, wasitumwe kuinunua, wala wasionjeshwe kwa mzaha. Waambie ukweli kwa lugha ya umri wao: baba anaumwa, si kosa lenu, na nyie mnapaswa kujihadhari kuliko rafiki zenu. Mwanao mkubwa akiwa na uwezo wa kunywa sana bila kulewa, hilo limtie hofu badala ya sifa. Mwili usiolewa upesi ni moja ya dalili za hatari zinazorithiwa.

Mwisho, kuhusu kurudia, kwa sababu huenda kukatokea. Akinywa siku moja tu, naltreksoni iendelee, apigiwe simu mhudumu wake kesho yake, na mchunguze kilichotangulia: njaa, ugomvi, mshahara, usingizi. Akinywa kwa siku kadhaa mfululizo na asubuhi mikono ikaanza tena kutetemeka, msimwambie aache hapohapo kwa nguvu. Andika saa ya kinywaji cha mwisho kwenye ile karatasi, mwende naye hospitalini.